Boti ndogo na karavani: juu ya gari, nyuma ya karavani, au ndani ya begi?

Ukishakuwa na karavani ya kuvuta na unapenda maji, swali linakuja mapema tu: boti itakaa wapi? Ndoano ya gari iko moja na karavani imeshaichukua. Hapo ndo watu wanaanza kuangalia paa la gari, nyuma ya karavani, bodi ya pikapu, na wengine wanawaza kabisa kufunga trela ya pili nyuma ya ya kwanza. Nitaziweka hizi njia pembeni kwa pembeni ila niseme msimamo wangu mapema usije ukasoma mpaka chini ukitafuta: kwa watu wengi wanaovuta karavani, boti ya kujaza upepo au ya kukunja ndo chaguo la kwanza, boti ngumu ya alumini au kayaki juu ya gari ni la pili na inataka gari yenye nafasi ya uzito, na trela mbili nyuma ya gari moja ni la mwisho hata pale sheria inaporuhusu. Na sababu haiko kwenye boti, iko kwenye uzito ambao gari imeshabeba kabla boti haijaguswa.

Anza na gari, boti baadaye

Watu wengi wanaanza kwa kuuliza boti gani nzuri. Acha hiyo kwanza, fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo ya mlango, magari mengi yana stika pale, na kama haipo basi kitabu cha gari kitakwambia gari inaruhusiwa kubeba kilo ngapi, watu na mizigo pamoja. Hiyo namba ndo bajeti yako yote. Sasa kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba karavani inakula kwenye hiyo hiyo bajeti, manake pua ya karavani inakaa juu ya ndoano na gari inaihesabu kama mzigo uliopakiwa nyuma.

Tufanye hesabu. Sema gari inaruhusiwa kilo 600, na karavani ikiwa imejaa ina kilo 2,000. Kwa karavani za Marekani pua inatakiwa iwe asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote, tuchukue 12, hiyo ni kilo 240. Watu wanne, wakubwa wawili na vijana wawili, weka kilo 280. Ndoano yenyewe na vile vyuma vya kusawazisha mzigo, kama kilo 40. Jumla 560. Umebakiwa na kilo 40 na hujaweka hata kiti cha kukunja wala kamba, afu unataka kupandisha boti ya alumini ya mita 3.6 ambayo peke yake inaweza kuwa kilo 60, bado keria, yaani ile fremu ya paani inayoshika boti. Haiingii. Sio kwamba gari haitaondoka, itaondoka vizuri tu, ila springi za nyuma zinakaa chini, mbele inakuwa nyepesi, usukani unalegea na breki zinafanya kazi kuliko zilivyotengenezwa, na siku ya mteremko mrefu ndo utaona tofauti.

Karavani za Ulaya hesabu yake ni nyingine kidogo, pua zake ni nyepesi, nyingi ziko kwenye asilimia 5 mpaka 7, na ndoano nyingi za huko zina kikomo cha kilo 75 mpaka 100. Gari inapumua zaidi hapo ila karavani yenyewe haina nafasi ya kuongezewa kitu mbele, na hilo litarudi kwenye hadithi ya kufunga vitu mbele ya karavani.

Kuna ujanja mmoja halali kabisa wa kujipa nafasi: maji. Lita moja ni kilo moja, tanki la lita 80 ni kilo 80 unazozizungusha barabarani bure wakati kambini kuna bomba. Safiri na tanki tupu, jaza ukifika. Ila angalia tanki liko wapi, kama liko mbele ya ekseli ukilimwaga pua inakuwa nyepesi, kama liko nyuma pua inakuwa nzito, kwahiyo sio kumwaga tu, ni kumwaga na kupima tena.

Boti ngumu juu ya paa la gari

Hii ndo njia ya asili na ina uzuri wake mkubwa: ukifika boti ni boti, unaishusha unaiweka majini, hakuna kupampu wala kuunga. Boti ya alumini haijali mawe ya ufukweni, haijali ndoano za samaki, haijali jua. Kama wewe ni mtu wa kuvua kila asubuhi na kila jioni hiyo ni sababu nzito na naiheshimu.

Kikomo cha kwanza ni paa lenyewe. Magari mengi yanaruhusu kati ya kilo 50 na 100 juu, 75 ni namba unayoikuta sana, na hiyo inajumuisha keria. Keria ya kilo 15 na boti ya kilo 60 umeshafika. Na usidanganyike na ile namba kubwa ya mahema ya juu ya gari, ile ni ya gari ikiwa imesimama, barabarani namba ni ile ndogo.

Kikomo cha pili hakisemwi sana na ndo kinachoumiza wenye karavani. Vifaa vingi vya kupandisha boti mtu akiwa peke yake vinafanya kazi kutokea nyuma ya gari, unaegemeza pua ya boti kwenye rola afu unasukuma. Sasa nyuma ya gari kuna karavani! Kwahiyo unapakia kabla hujaifunga karavani, na ukifika lazima uifungue karavani kwanza ndo ushushe boti. Kama umefika usiku na unataka kulala tu bila kufungua chochote, boti inalala juu, sio tatizo. Ila kama njiani mnapita ziwani mkataka masaa mawili ya kuwa majini, sahau. Zipo keria za kupakia kwa ubavu, zinashuka mpaka usawa wa kiuno na baadhi zina mota ya umeme, hizo zinatatua hili kabisa lakini zenyewe ni nzito na uzito wake unatoka kwenye zile kilo 75.

Cha tatu, pima umbali wa nyuma. Boti ya mita 3.6 juu ya gari ya kawaida inatokeza nyuma, na karavani ina ukuta mrefu mbele. Mkiwa mmenyooka mnaona nafasi ipo, ila ukikata kona kali ya kuingia kambini kona ya karavani inasogea kuja kwenye boti, na ukipita mahali ambapo gari inapanda na karavani bado iko chini, kitako cha boti kinashuka kuelekea kwenye karavani. Fanya jaribio uwanjani, mtu mmoja aendeshe polepole usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, mwingine asimame pembeni anaangalia. Nusu mita inayoonekana ya kutosha inaweza kubaki upana wa kiganja.

Kufunga: mikanda miwili katikati, na kamba mbele na nyuma ya boti kwenda chini kwenye gari. Hizo za mbele na nyuma sio mapambo, upepo wa lori kubwa linalokupita unainua pua ya boti kama haijashikwa. Na mkanda mpana unapoupitisha juu ya boti upinde mara moja usilale bapa, ukilala bapa upepo unautetemesha na gari nzima inaunguruma, ukiupinda kelele inakata. Kayaki za plastiki usizikaze kwa nguvu zako zote hasa kwenye jua, ile plastiki inalainika kwa joto na mkanda unaacha bonde.

Kayaki kwa ujumla ndo boti ngumu inayokubali paa la gari vizuri zaidi. Nyingi za matembezi ziko kilo 20 mpaka 30, mtu mmoja anapandisha nusu kwanza, afu anamalizia nusu ya pili. Mbili zinakaa pamoja kwenye keria bila shida.

Pikapu

Wenye pikapu wanadhani wamemaliza, kumbe. Bodi ina mita 1.7 au 2, boti ina 3.6, ukiiweka humo imetokeza nyuma mita moja na nusu na zaidi, na hapo ndo pua ya karavani na mitungi ya gesi ilipo. Haiwezekani. Kinachofanya kazi ni fremu ya vyuma inayopita juu ya bodi na juu ya kabini, boti inalala juu kichwa chini, na chini yake bodi bado yako kwa mizigo. Kwa mtu mwenye pikapu na boti ya alumini hiyo naipa alama kubwa kuliko paa la gari la kawaida, manake fremu inashika chasisi au bodi sio paa jembamba. Bajeti ya uzito lakini inabaki pale pale, pikapu nyingi zenye vifaa vingi ndani zinaruhusu kilo chache kuliko mwenyewe anavyofikiri.

Kama karavani yako ni zile kubwa ambazo pua inapanda na kukaa ndani ya bodi, sehemu ya juu ya bodi yote imekwisha, imebaki juu ya kabini tu.

Juu ya paa la karavani

Hapana. Paa kubwa linavutia macho lakini ni ngozi nyembamba ya raba au faibaglasi juu ya mbao nyembamba, lina vidirisha vya hewa, lina kiyoyozi, lina sola, na kila tundu la skrubu utakaloongeza ni mlango wa maji ya mvua. Karavani haifi kwa ajali, inakufa kwa maji yanayoingia kidogo kidogo kwenye kuta. Halafu nani atapandisha boti mita tatu juu?

Tofauti ni zile trela ndogo za kulala za chini chini, zile zenye umbo la tone, na trela za hema, ambazo mtengenezaji mwenyewe ameweka fremu iliyoshika chasisi na akaandika inabeba kilo ngapi. Hizo ni nzuri sana kwa kayaki, unafika kwa mkono bila ngazi. Za hema kumbuka boti inashuka kabla paa halijapandishwa, hata kama mvua inanyesha.

Nyuma ya karavani

Hapa nataka nikae kidogo manake ndo sehemu ambayo inaonekana rahisi kumbe ni ya hatari kuliko zote kwenye hii orodha. Unaona watu wameweka stendi ya kayaki mbili zimesimama wima nyuma ya karavani, inapendeza, haigusi gari, paa liko huru.

Angalia inavyofanya kazi. Ekseli ni nguzo ya mizani. Ukiweka kilo 80, yaani kayaki mbili na stendi, mita 3.5 nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli mpaka ndoano ni mita 4.5, basi umenyanyua pua kwa 80 mara 3.5 gawa kwa 4.5, kama kilo 62. Ile pua yako ya kilo 240 imebaki 178, na karavani sasa ina kilo 2,080, asilimia 8 na nusu. Ulianza na 12, ukatoka nje ya mstari bila kugusa kitu chochote mbele. Pua nyepesi ndo inayoleta ile kuyumba, karavani inaanza kucheza kushoto kulia, kila myumbo unakuwa mkubwa kuliko uliopita, na spidi ikiwa juu dereva anakuwa abiria tu.

Na hata ukirudisha pua kwa kusogeza vitu vizito mbele, tatizo la pili linabaki. Mzigo uliokaa mwishoni kabisa ukishaanza kuyumba hautaki kutulia, nguvu yake ya kugoma inakua kwa mraba wa umbali, umbali mara mbili ni ugumu mara nne. Kwahiyo kilo 80 mwishoni mwa karavani na kilo 80 juu ya ekseli ni vitu viwili tofauti kabisa japo mzani unasoma sawa.

Bampa nayo. Karavani nyingi za Marekani lile bampa la nyuma ni bomba la mraba la chuma chembamba, kazi yake kubwa ni kuficha bomba la maji machafu ndani. Linavunjika kwenye viungo, hasa barabara ya matuta, na watu wameshapoteza baiskeli kwa njia hiyo. Ukitaka stendi nyuma iwe imeshika chasisi, na mtengenezaji wa karavani awe ameruhusu kwa maandishi.

Mbele juu ya pua je? Kwa hesabu ni salama zaidi kwa kuyumba, ila uzito karibu wote unaenda kwenye ndoano na kwenye bajeti ya gari. Kwa karavani za Ulaya zenye kikomo cha kilo 75 au 100 hakuna nafasi kabisa.

Trela mbili

Gari, karavani, boti nyuma yake. Utaona picha zake nyingi kutoka Marekani na watu wanauliza kwanini mimi nisifanye. Kwanza sheria: Uingereza gari ya kawaida inavuta trela moja, basi. Marekani inategemea jimbo, mengine yanakataza, mengine yanaruhusu ila karavani iwe ya aina ile inayokaa ndani ya bodi ya pikapu, na kuna vikomo vya urefu wa jumla. Ukivuka mpaka wa jimbo unaweza kuwa umetoka kwenye sheria ukaingia kwenye kosa bila kubadilisha kitu.

Lakini hata ukiondoa sheria. Pua ya trela ya boti inakaa nyuma kabisa ya karavani, na ile hesabu ya mizani ya hapo juu inafanya kazi ile ile, tena sasa mzigo wenyewe nao unavuta na kusukuma. Karavani ambayo pua yake inakaa juu ya ekseli ya pikapu inavumilia hili vizuri kuliko ya kawaida, ndo maana majimbo yanatofautisha. Na kupiga rivasi hakuna. Trela mbili hazirudi nyuma kwa usukani, kwahiyo ukiingia njia yenye mwisho unashuka unafungua boti barabarani, unaisukuma kwa mikono, ndo unageuza. Kituo cha mafuta, kona ya kambi, njia iliyofungwa kwa matengenezo, kila moja inakuwa mtihani. Siipendekezi kwa mtu anayekwenda kupumzika.

Kama boti yako ni kubwa kweli, faibaglasi ya mita tano, na huiachi, zipo njia mbili za heshima. Moja ni dereva wa pili na gari ya pili, mnatumia mafuta mara mbili lakini kila gari iko ndani ya uwezo wake, na mkifika mna gari ya kuzungukia. Nyingine ni kugeuza mambo: lala kwenye kibanda kinachopanda juu ya pikapu au kwenye gari la kulala lenye injini yake, halafu ndoano ivute boti. Kwa anayetoka kwa ajili ya kuvua na kulala ni nyongeza, naona hiyo ni bora kuliko kuhangaika na karavani.

Boti ya kujaza upepo

Sasa tuje kwenye ninayoipenda. Boti ya mita 2.7 mpaka 3 yenye sakafu ya upepo iko kilo 25 mpaka 35 hivi, inakunjwa inaingia kwenye begi, na begi linawekwa ndani ya karavani sakafuni juu ya ekseli au karibu nayo. Pale halinyanyui pua, haliongezi pua sana, haligusi paa, halipigwi na upepo, haliibiwi kirahisi. Kilo 30 ambazo juu ya gari, pamoja na keria, zingemaliza bajeti iliyobaki sasa zimekaa kwenye matairi ya karavani yenyewe. Hakikisha tu karavani nayo haijazidi kikomo chake, iko na stika yake.

Usichanganye hizi na vile vitu vya plastiki nyembamba vya watoto ufukweni. Boti ya maana ina kitambaa ndani kimefunikwa kwa PVC au kwa ile raba ambayo wengi wanaiita Hypalon, jina lililokuwa la DuPont mpaka walipoacha kutengeneza 2010, siku hizi utaikuta imeandikwa CSM. CSM inavumilia jua na mafuta kwa miaka mingi zaidi, PVC ni nyepesi na inatosha kama boti inaishi ndani ya begi na inatoka siku chache. Kwa matumizi ya karavani mi naona PVC haina ubaya.

Sakafu ndo inayoamua boti itakuwaje majini. Ya mbao za kujikunja ni nyepesi ila inapinda pinda, ya vipande vya alumini ni ngumu kabisa lakini inaongeza kilo na kuiunga kwenye mchanga ni kazi ya vidole, ya upepo wa presha kubwa iko katikati na ndo ningechagua. Mirija ya pembeni inataka presha ya kama bar 0.25 (bar ni kipimo cha presha), sakafu inataka kama 0.7 au 0.8. Kwa pampu ya mguu weka robo saa na jasho kidogo, kwa pampu ya umeme ya volti 12 uko unaongea na watu huku inajaa.

Na hii izingatie: jua. Umejaza asubuhi nyuzi 15 mpaka bar 0.25 sawasawa, ukaiacha mchangani saa sita mchana mirija ikapata joto la nyuzi 45, presha inapanda kuelekea 0.38, yaani nusu nzima juu ya inayotakiwa, kitambaa kikinyooka kitapunguza kidogo tu. Gundi ya viungo ndo inalipia. Kama inakaa juani toa upepo kidogo au iache majini, maji yanaipoza. Kinyume chake, boti uliyojaza juani ukiiweka kwenye ziwa la baridi inalegea ndani ya dakika, haijatoboka, ongeza upepo tu.

Udhaifu upo. Upepo wa ziwani unaisukuma kama jani, kupiga makasia ni kazi, nafasi ya ndani ni ndogo manake mirija inakula upana. Na kukausha. Siku ya kuondoka ndo inayochosha, mchanga unakaa kwenye mfereji kati ya sakafu na mirija, ukiukunja humo unasaga kitambaa njia nzima, na ukikunja na unyevu utafungua begi baada ya wiki mbili unakutana na ukungu na harufu ambayo haitoki. Kama lazima uondoke nayo mbichi sawa, ila ukifika nyumbani itandaze siku hiyo hiyo. Beba viraka na gundi ya aina ya kitambaa chako, gundi ya PVC na ya CSM sio moja, na kiraka cha kudumu kinataka masaa mengi kabla hujajaza tena.

Kuna pia kayaki za upepo ambazo sakafu yake ina maelfu ya nyuzi ndani zinazoshika juu na chini, zinakuwa ngumu kama ubao. Kwa mtu mmoja asiyehitaji mashine, zikikauka zinaingia chini ya kitanda.

Boti ya kukunja

Inayojulikana zaidi ni Porta-Bote, mwili wake ni polipropilini na unakunjwa mpaka unene wa kama sentimita 10, bapa na ndefu. Viungo vyake ni plastiki inayopinda, hakuna kitambaa cha kutoboka, haiogopi miiba wala ndoano. Ikiwa majini ina nafasi kubwa ya ndani kuliko boti ya upepo yenye urefu huo huo. Tatizo lake ni kwamba inapungua unene tu, urefu unabaki, begi hakuna, inataka kulala juu ya keria ya gari au kuning'inia ubavuni mwa karavani kwenye mabano, na viti na ubao wa kitako vinabebwa pembeni. Asubuhi ya baridi plastiki inakuwa kaidi, kuifungua kunataka watu wawili, iache juani kwanza.

Wanaosema boti za kukunja ni vitu vya kuchezea wajue kwamba mwaka 1956 daktari wa Ujerumani Hannes Lindemann alivuka Atlantiki kutoka Visiwa vya Canary mpaka Karibi kwenye kayaki ya kukunja ya Klepper, fremu ya mbao na ngozi ya kitambaa, kwa siku 72. Sisemi ufanye hivyo. Nasema ziwa la kambini inaliweza.

Mashine, petroli na betri

Hapa njia zote zinakutana. Mashine ndogo ya nje ya boti, ya hp 2.5 na mipigo minne (four-stroke), iko kama kilo 17 au 18, na hailazwi ovyo, imeandikwa ilale upande gani, ukiilaza vibaya oili inaingia isikotakiwa na haitawaka. Petroli isiingie ndani ya karavani hata siku moja, mvuke wake unatambaa chini kwenye sakafu na mle ndani kuna friji ya gesi au hita yenye moto. Dumu likae bodini kwenye pikapu au nje kwenye sehemu yenye hewa.

Kwa boti ya begi mi naegemea mota ya umeme. Ile ya pauni 55 za msukumo ikipigwa mpaka mwisho inakula kama ampea 50, betri ya 12V 100Ah (yaani ampea 100 kwa saa moja, au 50 kwa masaa mawili) itakupa masaa mawili, tena hayo ni ya juu kabisa, na ukienda taratibu kama wanavyoenda wavuvi ni zaidi sana. Betri ya risasi ya ukubwa huo ni kilo 28 hivi, ya lithiamu ya LiFePO4 ni kama 12, na ukiwa kambini sola ya karavani inaichaji. Hakuna petroli, hakuna harufu.

Kabla ya kuondoka ziwani

Toa maji yote, toa majani, sugua, kausha. Sababu ni viumbe wavamizi kama kome wa zebra, chaza wadogo wa maji baridi: walitokea sehemu za Bahari Nyeusi na Kaspi, wakagunduliwa kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini 1988, na boti za watu wa kawaida zimekuwa njia yao kubwa ya kuhama ziwa moja kwenda lingine, mabuu yake hayaonekani kwa macho na yanaishi kwenye tone la maji. Boti ya upepo angalia chini ya sakafu na nyuma ya ubao wa mashine, boti ya alumini angalia chini ya viti, na kizibo kitoke kabla hujaanza safari.

Ukishachagua njia, pakia kila kitu kama unaondoka kweli, watu ndani, boti mahali pake, afu pita kwenye mzani wa magari. Pima ekseli ya mbele ya gari, ya nyuma, na ya karavani, kila moja peke yake. Halafu ukiwa umeendesha kama nusu saa simama, shuka, ushike kila mkanda kwa mkono na uukaze tena, manake mkanda mpya unanyooka na boti inajitafutia pa kukaa.